Manukuu ya Somo la Saba

Mwalimu Silasi Kashindye alikuwa mtani wangu, na kwa hiyo aliruhusiwa kuniambia lolote. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, yeye ni Mnyamwezi wa Usoke, na asiyejua maana yake nitamweleza kwa ufupi. Babu zake walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani kwa miguu. Walipofika kwetu wamechoka na njaa inawauma, babu zangu waliwacheka, wakawauzia muhogo kwa bei ya kuwaibia. Wakatukanana mpaka wakazoeana. Tangu hapo Mnyamwezi akimtukana Mzaramo, au Mzaramo akimtukana Mnyamwezi, hakuna kesi. Mtani anaweza kuingia uani kwako akaondoka na kuku. Anaweza kuja msibani kwako akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na kazi yako wewe ni kucheka. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe.

Siku ya kwanza niliyofika chuoni, miaka sita iliyopita, alinitazama nilivyotundika begi la kompyuta begani, akasema mbele ya wakufunzi wote, "Leo Mzaramo kabeba mzigo mwenyewe. Dunia inakwisha hii." Nikamjibu kwamba nimebeba mwenyewe kwa sababu wapagazi wa siku hizi ni wazee, wanatua mzigo kila kichaka kwenda kukojoa. Chumba kizima kilicheka, na yeye alicheka kuliko wote. Kuanzia hapo hatukuwahi kuongea kama watu wenye akili zao.

Chuo chetu ni cha ualimu, cha binafsi, kiko nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Kwihara. Mimi sikuwa mkufunzi. Nilikuwa fundi wa video, mtu anayeitwa wakati kitu kimeharibika na kusahauliwa kikishatengemaa. Mwaka jana chuo kilipata kazi ya kutengeneza masomo kumi na mawili ya video kwa walimu wa shule za msingi za vijijini: namna ya kuingiza alama za wanafunzi kwenye jedwali la kompyuta, kuzijumlisha, kupanga nafasi, kuandaa ripoti ya mzazi. Sura ya mtu haionekani. Mwalimu anarekodi skrini yake, mtazamaji anaona jedwali na kishale kinavyotembea juu yake, na anasikia sauti ikieleza. Kila somo lisizidi dakika tano, maana mwalimu wa Ipole anapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, na hakuna mtu atakayekaa juu ya kichuguu nusu saa akisubiri video ishuke.

Faili likishafika kwangu ninakata makosa, ninasafisha sauti, halafu ninaandika manukuu, yale maandishi yanayopita chini ya picha. Waliotupa kazi walituletea na mwongozo, na mwongozo ulisema manukuu yaandike kila sauti iliyomo, si maneno ya mwalimu peke yake, kwa sababu miongoni mwa walimu hao wamo viziwi kumi na wanne. Kengele ikilia, andika kengele inalia. Mtu akikohoa, andika anakohoa. Kiziwi asinyimwe kitu ambacho mwenye masikio amepewa. Niliusoma mwongozo ule mara nyingi kuliko mtu yeyote pale chuoni.

Sauti ya masomo yote ilikuwa ya Kashindye. Hilo halikuwa na mjadala, maana yule mzee angeweza kumfundisha hata mbuzi kugawanya kwa desimali. Lakini alikuwa na miaka hamsini na minane, mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba, na Mama Recheli, mkuu wetu wa chuo, alikuwa amekwisha kutangaza kikaoni kwamba kuanzia Januari atabaki na wakufunzi wanaoweza kufundisha kwa skrini. Wengine atawashukuru kwa utumishi wao. Kwa hiyo masomo yale kumi na mawili ndiyo yaliyoshika ugali wa Kashindye. Akiyamaliza vizuri, amebaki. Akishindwa, anarudi Usoke kuchuma tumbaku na umri wake. Sote tulilijua hilo na hakuna aliyelisema mbele yake.

Tulirekodia kwenye stoo ya zamani. Tuliviringisha magodoro mabovu ya mabweni, tukayasimamisha ukutani ili chumba kisitoe mwangwi, na feni tukaizima kwa sababu inanguruma. Oktoba ya Tabora mle ndani, bila feni, ilikuwa adhabu. Hata hivyo Kashindye aliingia na mkewe kila siku. Mkewe huyo, mama wa binti yao Zuena, sote tulimwita kwa jina lake, Mama Julieth; aliwahi kuwa karani wa chama cha ushirika huko Urambo, mama mtulivu, mikono safi. Mumewe alisema ana presha na daktari amemwambia asikae peke yake kwenye joto. Mama akawekewa stuli nyuma yake. Mimi nikamwambia Mnyamwezi anaogopa stoo kwa sababu anadhani atafungiwa kama gunia, tukacheka, mlango ukafungwa.

Ni kwenye somo la tatu nilipoujua ukweli. Nilikuwa nimevaa spika za masikioni, nimepandisha sauti hadi mwisho ili nitafute mngurumo mdogo niliokuwa nausikia, na chini kabisa ya sauti nene ya Kashindye nikasikia sauti ya mwanamke. "Shuka. Shuka tena. Simama hapo." Halafu Kashindye, bila haraka, "Sasa, kama mnavyoona, tuko kwenye jina la mwanafunzi." Mwanamke akanong'ona, "Kulia. Kidogo." Kishale kikaenda kulia, kidogo. Nilirudia mara tatu, nikazivua spika, nikakaa nikiutazama ukuta.

Mtani wangu alikuwa haoni. Mara moja mambo yote yakapangika: jinsi alivyokuwa akigusa ukuta kwa nyuma ya vidole akipita ukumbini, jinsi simu yake ilivyokuwa ikisomwa na mkewe, jinsi alivyokuwa akiweka saini pale tu unapomwekea kidole. Jicho la kushoto wote tulijua liliharibikia Usoke utotoni, kwenye moshi wa bani la kukaushia tumbaku la baba yake. La kulia nalo lilikuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anafundisha kompyuta kwa kumbukumbu na kwa mdomo wa mkewe, na alikuwa anafundisha vizuri kuliko sisi tunaoona.

Kuufuta mnong'ono ule ilikuwa kazi ya dakika tano. Niliufuta. Niliufuta kwenye somo la tatu, la nne, la tano na la sita, na manukuu nikayaandika kana kwamba chumbani mle hakukuwa na mtu mwingine. Sikumwambia mtu, hata yeye mwenyewe. Nilijiona mtu mwema sana siku zile, na huenda kweli nilikuwa.

Halafu nikaachwa. Mume wangu, Abdulatifu, muuza vitambaa, mzaliwa wa Tabora na baba yake na babu yake, aliniandikia talaka siku ya Jumatatu, baada ya miaka minane ya ndoa na hakuna mtoto. Jumatano nilikwenda kazini kwa sababu nyumbani sikuwa na la kufanya. Saa nne tukakusanyika kwenye chai. Kila mtu alikuwa amekwisha kusikia, na kila mtu aliangalia kikombe chake. Kashindye akasimama.

"Wazee wangu kwenye njia hii walibeba kila kitu," alisema. "Pembe, shaba, chumvi, hata Wazungu wanaoharisha waliwabeba. Lakini mzigo huu uliotoka Kisarawe, mh. Abdulatifu kaubeba miaka minane, kaja kuufungua, kakuta ndani hamna kitu. Kautua."

Walicheka. Walicheka kwa kufarijika, kama watu waliofunguliwa dirisha. Na mimi nilicheka. Nilimjibu kitu fulani kuhusu mke wake na sikumbuki ni nini, ninachokumbuka ni kwamba meno yangu yalikuwa makavu. Jioni ile Mama Julieth alikuja kwangu na ndoo ndogo ya asali ya Ipole na karanga za kukaanga, akanifulia mashuka, akalala kwangu siku mbili bila kuniuliza swali. Ndivyo watani wanavyofanya. Wanakuchoma kwa ulimi mchana, usiku wanakuja kukuuguza. Asali niliila yote. Lile neno nililiweka.

Nataka nieleweke hapa, sitaki huruma. Najua Kashindye hakuwa na nia mbaya. Angenyamaza siku ile watu wangesema amenitenga, amenifanya mgeni. Mwanamke mwenye mtani haachwi alie peke yake kimya kimya, lazima msiba wake uchekwe ili upungue. Nilijua hayo yote na nilimchukia bado. Ubaya wa utani ni huo, ukikuumiza huna pa kuupeleka. Huwezi kwenda kwa Mama Recheli ukamwambia mtani wangu amenitania. Atakucheka na yeye.

Somo la saba lilirekodiwa Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Lilikuwa somo gumu kuliko yote, kupanga wanafunzi kwa nafasi, na Mama Julieth alilazimika kunong'ona tangu mwanzo hadi mwisho. Nikaliweka kwenye kompyuta yangu, nikavaa spika, nikapandisha sauti. Nikaufungua mwongozo pembeni, pale panaposema kila sauti iliyomo. Safari hii sikufuta kitu. Niliandika kwa herufi kubwa, nyeupe juu ya weusi:

MWALIMU: Sasa tunachagua safu nzima ya jumla.
(Mwanamke ananong'ona: Panda. Panda. Umepita, shuka.)
MWALIMU: Ni rahisi, kama mnavyoona.
(Mwanamke: Siyo hapo, baba Zuena. Kushoto.)
MWALIMU: Tunabofya hapa.
(Mwanamke: Bado.)
MWALIMU: Hapa.
(Mwanamke: Bado, mume wangu. Haya. Bofya.)

Iliendelea hivyo dakika nne na sekunde hamsini. Mtu mwenye masikio mazuri asingesikia chochote cha mwanamke, mnong'ono ulikuwa chini mno. Angeusoma tu. Hakukuwa na neno hata moja la uongo, na sijawahi kuandika manukuu safi kuliko yale.

Sasa, kila somo lilipaswa kutazamwa na mwalimu mwenyewe kabla halijatoka, halafu atie saini kwenye fomu. Kashindye alikuwa akija na mkewe, mkewe akisoma kimoyomoyo na kumgusa bega kwamba ni sawa. Jumatatu ile Mama Julieth alikuwa amekwenda Urambo kwenye msiba wa shangazi yake. Nilijua hilo. Nilimpigia Kashindye saa tano asubuhi nikamwambia njoo uangalie, watu wanasubiri somo lao.

Alikuja akigusa ukuta. Akakaa kwenye kiti changu, uso wake sentimita thelathini kutoka kwenye skrini, nami nikaiwasha. Sauti yake mwenyewe ikaanza kufundisha, na chini yake mke wake akawa anapita mstari baada ya mstari, mkubwa, mweupe. Kushoto, baba Zuena. Bado, mume wangu. Yeye alitikisa kichwa kwa kuridhika, akawa anafuatisha maneno yake kwa midomo. Aliielekeza sura yake kwenye skrini vizuri kabisa, kama mtu anayesoma.

"Herufi umezifanya kubwa?" aliuliza.

"Kubwa, mtani."

"Umeandika kila kitu?"

"Kila kitu."

"Hujanitukana humo ndani?"

"Nimekutukana," nilisema. "Soma mwenyewe."

Alicheka hadi bega likatikisika. "Mzaramo bwana. Haya, kalamu iko wapi? Mtani hawezi kuniua, nani atamchekesha." Nikamwekea kidole kwenye mstari wa fomu, naye akaweka saini yake nzuri ya kizamani, yenye mkia mrefu. Angesema mtani wangu, sioni, nisomee, ningemsomea. Hivyo ndivyo nilivyojiambia siku ile na sitabadilisha maneno. Nilimpa nafasi, akaikataa kwa kiburi, na nilijua kabla sijampa kwamba ataikataa.

Somo likatoka Ijumaa. Jumamosi asubuhi, kwenye kundi la simu la walimu, wakaanza kushukuru kama kawaida yao. Halafu akaandika mwalimu mmoja kiziwi wa Choma, Igunga, anaitwa Godbless, kijana mwenye adabu ambaye huuliza maswali yake kwa namba. Aliandika: "Moja, ahsanteni kwa somo. Mbili, naomba kufahamu, anayefundisha ni mwalimu au ni huyo mama anayemwelekeza? Tatu, je, mwalimu haoni?" Hakuwa anamdhihaki mtu. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Baada ya hapo watu mia mbili walirudi kuitazama video ile wakisoma chini, na kufikia adhuhuri kipande cha sekunde ishirini kilikuwa kimekatwa na kinatembea Nzega, Urambo, Sikonge, hadi kwa watu wasiojua jedwali ni nini. Wakaweka muziki. Wakaweka picha ya kipofu anayeongozwa kwa fimbo. Jumatatu, Kashindye alipokuwa akipita ukumbini, wanachuo waliosimama dirishani walinong'ona wote pamoja, "Kushoto, baba Zuena." Akasimama. "Bado, mume wangu," wakanong'ona. Aliweka mkono ukutani akaendelea, na sikumwona akiharakisha.

Jumanne Mama Recheli alituita ofisini kwake, sisi wawili. Ni Msukuma wa Igunga, mwanamke mrefu asiyependa kuzunguka. Alifunga mlango mwenyewe.

"Mwalimu Kashindye," alisema, "haya maandishi uliyaona kabla hayajatoka?"

"Niliyaona."

"Uliyasoma?"

"Saini yangu si ipo?"

Mama Recheli alichukua karatasi mezani akaiweka mbele yake. "Nisomee mstari wa kwanza."

Kashindye aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Aliisogeza, akaisogeza tena. Nje mtu alikuwa akifagia. "Nimesahau miwani," alisema mwishowe, mtu ambaye hajawahi kuvaa miwani maisha yake yote.

"Kwa hiyo hukuyaona." Mama Recheli hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akanigeukia kidogo, halafu akamgeukia tena yeye. "Nakuuliza kama mkuu wa chuo, siyo kama mtu wa hapa anayejua utani. Huyu amekuwekea mbele kitu ambacho anajua huwezi kukisoma, akakutilisha saini, akakuanika wewe na mkeo. Niambie kwamba amekukosea. Ukisema ndiyo, anafungasha leo hii."

Hapo niliogopa. Sikuwa na mume, sikuwa na mtoto, nilikuwa na chumba cha kupanga mtaa wa Ng'ambo na kazi hii. Nilimtazama Kashindye mdomoni. Nilitaka kumwomba, na nilijua nikifungua mdomo nimekwisha.

"Maua ni mtani wangu," alisema. "Mtani hamkosei mtu."

"Mwalimu, nimekwambia..."

"Nimesikia, mama. Ndiyo jibu langu. Nikimshitaki mtani, wazee wangu walioko chini watanicheka." Akaitua karatasi mezani polepole, akitafuta ukingo wa meza kwa kidole kidogo. "Na mimi nilimtania siku ambayo pengine sikutakiwa. Nililiona hilo baadaye."

Nilishusha pumzi. Nasema kweli, katika maneno yale yote nililosikia ni moja tu, kwamba nimepona. Mama Recheli alimweleza Kashindye kwa upole kwamba hawezi kuendelea na masomo, na kwamba mkataba wake hautaongezwa. Alisema chuo kinamshukuru. Kashindye alisema ahsante, akasimama, akaukosa mlango kwa hatua moja, na mimi ndiye niliyekuwa karibu lakini ni Mama Recheli aliyeinuka kumshika mkono.

Mama Julieth alinikuta nje siku mbili baadaye, nikianua nguo. Hakuingia ndani. "Madaktari wa macho wanakuja tarehe ishirini na mbili," aliniambia. "Alishaandikishwa. Zilibaki wiki mbili, Maua." Nilimwambia karibu chai. Akatazama mashuka yaliyokuwa kwenye kamba, yaleyale, akasema anawahi gari. Hakunitukana. Mwanamke yule angenitukana ningelala usingizi.

Masomo nilimalizia mimi. Hakukuwa na mtu mwingine aliyejua mtiririko wake kama mimi, niliyakata yote kwa mkono wangu. Nikarekodi la saba upya na matano yaliyobaki, kwa sauti yangu, na Januari Mama Recheli akanipa barua ya kuwa mkufunzi msaidizi. Sitasema sikufurahi. Nilinunua viatu.

Lakini kulikuwa na jambo moja nililokuwa nikilisubiri. Nilisikia kwamba Kashindye amefanyiwa upasuaji na ukakubali, jicho la kulia limefunguka kabisa, anasoma hadi bei za dukani ng'ambo ya barabara. Nilisikia pia kwamba jambo la kwanza alilomwomba bintiye Zuena ni amtafutie ile video ya somo la saba, akaitazama peke yake, mwanzo hadi mwisho. Nikajua atakuja chuoni kuchukua barua yake ya utumishi, na nikajiandaa. Kwa watani hakuna kuombana msamaha. Mtani aliyezidisha anamwendea mwenzake na tusi jipya, zuri, lililotengenezwa, na mwenzake anamrudishia lililo kubwa zaidi, watu wanacheka, mambo yameisha. Nililitengeneza langu wiki nzima. Nilikuwa tayari aniambie lolote. Nilitaka anirudie lile la mzigo, alifungue tena mbele ya watu, na mimi nicheke.

Alikuja siku ya Alhamisi, saa nne, tukiwa kwenye chai. Alikuwa na miwani myeusi na shati lililopigwa pasi, na hakugusa ukuta. Watu waliinuka kumpokea. Nami nikapaza sauti juu ya zote.

"Mpagazi! Umefunguliwa macho, sasa umegundua kumbe miaka yote hii umelala na bibi yako?"

Lilikuwa zuri. Niliona midomo ya watu ikianza kufunguka, ikimsubiri yeye aanze. Kashindye alivua ile miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Alinitazama usoni kwa muda, kipaji cha uso, macho, mdomo, kama mtu anayehakikisha jina kwenye orodha.

"Habari za kazi, mwalimu Maua," alisema.

Nilidhani ndiyo mwanzo wa mzaha. "Kazi njema, ila tumekosa mtu wa kubeba viti," nikasema. "Au Mnyamwezi umeniogopa?"

"Hapana, mwalimu. Nimefuata barua tu kwa Mama Recheli. Naona mko mapumziko, sitawachelewesha."

Midomo ikajifunga. Nilibaki nimesimama na kikombe, maneno yangu yakiwa bado hewani, na yakaanza kubadilika huku nikiyasikia. Kama yeye si mtani wangu, basi mwanamke wa miaka thelathini na minne amemtukana mzee wa watu na mke wake, mara mbili, mbele ya wakufunzi kumi na moja. Hakuna aliyejua pa kutazama. Dionis, mhasibu wetu, mtu wa Sikonge, ambaye mwaka jana angekuwa wa kwanza kugonga meza kwa kicheko, aliniegemea akasema kwa sauti ya chini, "Dada Maua, huyo ni mtu mzima. Mwamkie."

Miaka sita sikuwahi kumwamkia. Sikujua hata nitaanzaje.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema.

"Marahaba," akajibu. "Hujambo?"

"Sijambo."

"Wazazi Kisarawe hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wasalimie."

Barua ililetwa. Aliifungua palepale akaisoma kwa sauti, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na watu wakapiga makofi kwa sababu anaona. Dionis alimwambia amenenepa kwa kula mihogo ya bure Usoke, naye akamwambia Dionis kwamba kwa jicho hili jipya ameweza kuona jinsi alivyo mweusi, wakacheka wote, chumba kikapata joto. Halafu akaaga. Alipofika kwangu alinipa mkono, akanitakia kazi njema, akaniita mwalimu.